Kiporo cha futari na walio dhaifu nyumbani



Katika nyumba nyingi za Lyulilo, Matema na ufukweni Kyela kwa ujumla, futari haikosi wali. Unaobaki hufunikwa, ukapashwa moto wakati wa daku. Asubuhi, mabaki ya daku hupewa mtoto wa miaka miwili na bibi mwenye kisukari asiyefunga. Kijana mwenye afya anaweza kula asidhurike, lakini hawa wawili wamo hatarini.

Nani yupo hatarini zaidi?

Ni watoto chini ya miaka 5, wajawazito, wazee, na wagonjwa wa kisukari, figo, ini, saratani au wanaoishi na VVU. Kinga ya miili yao ni ndogo, na mtoto huishiwa maji mwilini upesi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa chakula kisicho salama huua watu 420,000 kwa mwaka. Kati yao 125,000 ni watoto chini ya miaka 5.

Kwa nini kupasha moto hakutoshi?

Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Moto wa daku huua vijidudu lakini sumu hubaki.

Ipo pia sumu ambayo haiondoki kwa moto tangu mwanzo. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Nyama hiyo hata ikiiva vizuri haiwi salama.

Mambo ya kuzingatia

1. Pika wali wa kutosha futari tu. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Asiye na jokofu apike daku upya: ndizi, viazi au uji.

2. Nunua usipa uliokaushwa juu ya kichanja, si mchangani. Usipa mbichi au mbasa aliyelegea na kunuka muache. Kumkaanga hakuondoi sumu ya kuoza.

3. Maziwa yachemshwe kwanza, hata yale ya kugandisha. Mjamzito akinywa maziwa mabichi anaweza kupata maradhi yanayoharibu mimba.

4. Kisu na ubao wa samaki mbichi visikate kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

5. Maji ya ziwa na ya kisima yachemshwe au yatiwe dawa, hasa mvua za masika zinapofurika vyooni. Mtungi ufunikwe, na maji yachotwe kwa kata yenye mpini, mkono usiingie ndani.

6. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Akianza kuharisha

Mpe maji ya chumvichumvi (ORS): pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ukikosa pakiti, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja. Mtoto aendelee kunyonya. Aliyefunga na kuugua ana ruhusa ya kufungua, atalipa siku nyingine.

Mpeleke kituo cha afya haraka ukiona damu kwenye choo, kinyesi kama maji ya mchele, macho kudidimia, kukosa mkojo, au kutapika kila anachokunywa. Mjamzito mwenye homa asingoje.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kufunika vyombo. Tufunike, lakini tujue kuwa kifuniko huzuia nzi na vumbi. Hakizuii wali kuchacha. Ukiwa na shaka na kiporo, usimpe mtoto wala mgonjwa. Hasara ya sahani moja ya wali ni ndogo kuliko safari ya usiku kwenda hospitali.

Wabillahi tawfiq.