SOMO LA ROBO HII: KAZI, SURA NA BEI YA BIDHAA



Vikundi vingi katika parokia hutengeneza bidhaa za kuuza: majiko, sabuni, sare za shule, mizinga ya nyuki. Swali linalovisumbua mara kwa mara ni hili: tutengeneze kitu bora ambacho wengi hawatamudu kukinunua, au kitu cha bei nafuu ambacho hakitadumu? Kila mfanyabiashara, mkubwa kwa mdogo, hulijibu kwa kupima mambo matatu: kazi ya bidhaa, sura yake na gharama yake. Katika somo hili tutayatazama matatu hayo kwa kutumia kitu ambacho wengi wetu tunakifahamu, yaani jiko la mkaa lenye udongo ndani.

1. Kazi: bidhaa itatue tatizo la mnunuzi

Zamani familia nyingi za mijini nchini Kenya zilipikia jiko la bati tupu. Lilikuwa rahisi kutengeneza, lakini joto jingi lilipotelea ubavuni na mkaa uliisha upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi walitafuta jiko bora zaidi. Walijifunza kutokana na jiko la Thailand, lililokuwa ndoo ya bati yenye udongo uliochomwa ndani yake. Hata hivyo hawakulinakili lilivyo. Walilipa umbo pana juu na chini, jembamba kiunoni. Udongo uliwekwa nusu ya juu tu, mahali mkaa unapowaka. Nusu ya chini ilibaki bati, ya kupokea majivu, na ikawekewa mlango mdogo wa kuongoza hewa.

Tuangalie busara iliyomo. Udongo haukuwekwa pasipo moto, kwa hiyo jiko likawa jepesi na gharama ikapungua. Kitako kipana kinalifanya litulie mama anaposonga ugali. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba jiko hili, likitengenezwa na kutumiwa vizuri, huokoa kati ya asilimia 20 na 50 ya mkaa.

2. Sura: bidhaa ikubalike nyumbani

Jiko jipya halikuwa geni machoni pa mpishi. Linawekwa sakafuni na kuwashwa kama lile la zamani, na sufuria zilezile zinakaa juu yake. Mafundi wa jua kali waliweza kulikunja kwa bati la mapipa makuukuu kwa zana walizokuwa nazo, na likauzwa katika masoko yaleyale. Hivyo sura si rangi peke yake. Sura ni namna bidhaa inavyomwambia mnunuzi, “Mimi ni wa nyumba yako.” Rangi nayo ina faida, maana huvuta macho na kuchelewesha kutu, lakini haiwezi kuponya udongo wenye ufa.

3. Gharama: tuhesabu siku za matumizi, si bei ya dukani tu

Tuchukue mfano wa hesabu. Jiko la bati tupu linauzwa shilingi 200, na lenye udongo shilingi 500. Familia hutumia mkaa wa shilingi 100 kwa siku. Jiko la pili likiokoa shilingi 30 kila siku, ile nyongeza ya shilingi 300 itarudi kwa siku 10. Baada ya hapo kila shilingi 30 inabaki mfukoni. Lakini udongo ukipasuka siku ya tano, mama huyo amepata hasara, na jirani zake wote watasikia.

4. Tupunguze wapi?

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Jiko hili lilipopendwa, mafundi wengi waliliiga. Ushindani ulisaidia kushusha bei, na hilo lilikuwa jema. Lakini baadhi yao waliuza majiko yenye udongo usiochomwa vizuri, na wanunuzi wakapoteza imani. Walipunguza gharama palepale penye kazi ya bidhaa. Kikundi chenye busara hupunguza kwingine: hununua malighafi kwa pamoja, hutumia vipimo vya aina moja ili bati lisipotee, na huacha mapambo ambayo mnunuzi hakuyaomba.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tunaongeza: kizuri kijiuze kwa bei ambayo jirani anaweza kuilipa.

Tunawaomba wafadhili nao wasiulize tu ni bidhaa ngapi zimetengenezwa. Waulize ni ngapi bado zinatumika baada ya miezi sita. Swali hilo linalinda fedha zao, na linamlinda mama aliyenunua kwa akiba yake ndogo.

Maswali ya kujadili katika kikao

(a) Bidhaa yetu inafanya kazi gani hasa? Ni sehemu ipi ikiharibika, bidhaa yote haina maana?

(b) Je, tumewapa watumiaji watano au sita waijaribu kabla ya kutengeneza nyingi? Walilalamikia nini?

(c) Ni gharama gani tunaweza kuipunguza bila mnunuzi kupoteza chochote?

(d) Bidhaa ikirudishwa ikiwa na kasoro, nani anaipokea, na tunaandika wapi sababu yake?

Kila kikundi kijibu swali la (a) kwanza. Msipokubaliana katika hilo, msipange bei bado.