Mwanga Kati ya Punje: Mchanga, Vumbi na Theluji ya Kibo

Ukiwa Moshi asubuhi, mawingu yakiwa yamefunguka, tazama Kibo baada ya theluji kuanguka usiku: ni nyeupe hata inaumiza macho. Sasa toa kipande cha barafu kwenye friji. Kikiwa kizima, mwanga unapita ndani yake. Kifunge kwenye kitambaa, ukiponde, nacho kitakuwa cheupe. Hujaongeza rangi yoyote. Ulichoongeza ni nyuso.

Kila mwale unapofika mpakani mwa hewa na punje, sehemu yake huakisiwa na sehemu huingia ndani ikipinda. Punje ikiwa moja, kanuni ulizojifunza darasani zinatosha. Zikiwa mamilioni, mwale hugonga huku na huku mpaka utoke tena juu au ufyonzwe, na hakuna awezaye kuuchora kwa rula. Ndiyo maana wanasayansi huiga safari hiyo kwenye kompyuta kwa kutumia namba za nasibu. Njia hiyo inaitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa Monaco unaojulikana kwa kamari. Wewe utatumia dadu ya ludo.

Zoezi

Chora mistari ya mlalo daftarini. Mstari wa 0 ni uso wa mchanga mkavu; chini yake andika 1, 2, 3 na kuendelea. Mwale unaanzia mstari wa 1. Rusha dadu. Ukipata 1 au 2, panda mstari mmoja. 3 au 4, shuka mmoja. 5, baki hapo. 6, mwale umefyonzwa. Endelea mpaka mwale ufike 0, yaani umetoka, au ufyonzwe. Rudia kwa miale 40. Takriban 20 itatoka. Ukipata 17 au 23 usishtuke, ndiyo tabia ya nasibu. Lakini ukifanya miale 5 tu kwa uvivu, usiliamini jibu lako.

Sasa lowesha mchanga. Maji huchukua nafasi ya hewa kati ya punje. Mwendo wa mwanga ndani ya maji unakaribiana zaidi na mwendo wake ndani ya punje, kwa hiyo mwale hupinda kidogo tu na kuzidi kwenda chini. Badili kanuni: 1 panda, 2, 3 au 4 shuka, 5 na 6 kama mwanzo. Safari hii itatoka miale 9 hivi kati ya 40. Hii ndiyo sababu mchanga wa Mto Karanga ukilowa huonekana mweusi kuliko ukiwa mkavu.

Angalia vizuri: kanuni ya 6 haikubadilika. Mtahiniwa anayeandika kwamba maji ndiyo yaliyofyonza mwanga amekosea. Ni punje zilezile, ila mwale umezigonga mara nyingi zaidi kabla ya kutoka.

Kwenye Kibo kinachobadilika ni ufyonzaji wenyewe. Vumbi na majivu ya volkano yakichanganyika na theluji, hesabu 5 na 6 zote kuwa kufyonzwa, ukitumia kanuni ya mchanga mkavu kwa namba nyingine. Itatoka miale 15 hivi. Barafu ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912; kufikia 2007 zilibaki pungufu ya 2. Mvua za vuli na masika zikileta theluji mpya kileleni, barafu kuukuu hufunikwa na kukingwa na jua. Zikikosa, uso mchafu hubaki wazi.

Swali

Theluji safi huakisi asilimia 80 ya mwanga wa jua. Ikichafuka, huakisi 60. Je, nishati inayofyonzwa imeongezeka mara ngapi?

Jibu: Usigawanye 80 kwa 60. Mwanzo ilifyonzwa 100 − 80 = 20; sasa ni 100 − 60 = 40. Imeongezeka mara 2.