Maji Yakijaa kwa Sekunde 15

Simu yako inaweza kupiga video ya kukimbiza muda bila jasho. Basi kwa nini ubebe kamera? Kwa sababu simu nyingi hujiamulia mwanga kila wingu linapopita, halafu hukukabidhi video tu. Kamera hukuachia mamia ya picha, kila moja na saa na dakika yake. Kwa anayeandika ripoti ya jiografia au sayansi ya bahari, hizo picha ndizo data. Video ni ya kuwaonyesha washkaji.

Tuchukue ufukwe wa Kunduchi. Chagua siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Huku Dar, siku hizo maji hupwa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni, kwa hiyo safari nzima unaipata mchana kweupe. Siku za maji mafu usijisumbue, bahari husogea kidogo mno.

Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6 na dakika 12, yaani dakika 372. Piga picha moja kila dakika. Ukizichezesha 25 kwa sekunde, una sekunde 15 hivi. Wapo watakaokwambia upige kila sekunde 30 ili mwendo uwe laini. Hapo unafika picha 744, na betri ya Canon EOS 1300D hukadiriwa picha 500 hivi. Huna betri ya pili? Baki kwenye dakika moja. Kamera hiyo haijipigii yenyewe kwa vipindi, hivyo utahitaji rimoti ya waya yenye saa ndani.

Ukiiacha kwenye otomatiki, video itapepesa kama tyubulaiti inayokufa. Weka M, ISO 100, rangi kwenye alama ya jua. Tafuta fokasi mara moja, kisha sogeza swichi ya lenzi hadi MF. Wengi hupenda f/8, ila visu vya ndani ya lenzi hujifunga upya kila picha na havirudi palepale kabisa. Nacho ni chanzo cha kupepesa. Kwa lenzi ya 18-55, kaa kwenye 18 na f/3.5, visu visisogee. Anzia shata ya 1/2000, jaribu, kisha punguza mwanga kidogo maana saa 6 jua litazidi. Zima picha kujionyesha kwenye skrini, inakula betri bure. Ukubwa wa S1 (2592 × 1728) unatosha, kwani video ya HD ni 1920 × 1080 tu.

Sasa utamu wenyewe. Kabla ya kuanza, linganisha saa ya kamera na ya simu. Maji yakiwa yamepwa, simika mrunda mrefu uliopakwa nyekundu na nyeupe kwa zamu, kila sentimita 25, si mbali sana na kamera. Mabaharia wana kanuni ya kumi na mbili: saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1 kati ya 12, kisha 2, 3, 3, 2, 1. Kwa bamvua ya mita 3, hizo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50, 25. Soma mrunda kwenye picha zako, chora grafu, uone kama bahari inaitii kanuni. Isipoitii, hapo ndipo ripoti yako inaanza kusomeka.

Angalia hizo 75 mbili. Kati ya saa 6 na saa 8 mchana maji yanakimbia, si mchezo, na ufukwe tambarare humezwa haraka. Simamisha kamera juu ya mstari wa mwani mkavu, tena ongeza hatua kadhaa, maana huenda mstari huo uliachwa na maji madogo kuliko ya leo. Ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya stendi na uikinge kamera kwa mwavuli. Kaeni zamu wawili wawili. Kamera iliyonunuliwa kwa bumu haiachwi peke yake ufukweni saa sita nzima. Mkimaliza, ifuteni chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla haijaingia begini.