Kikohozi kisichokwisha: Tiba ya Kichina na mipaka yake

JE, mafua yamekwisha lakini kikohozi kingali kinakukatiza usingizi? Wakazi wa Nakuru wanalijua sana tatizo hili. Vumbi la kiangazi, moshi wa makaa na baridi ya Julai huko Molo na Njoro hukikera kifua ambacho tayari kimedhoofishwa na mafua.

Baadhi ya wagonjwa hugeukia tiba ya Kichina. Mganga wa Kichina hakimbilii dawa. Kwanza hutazama ulimi, hupima mpigo wa mshipa mkononi, kisha huuliza: Je, unatoa makohozi? Yana rangi gani? Koo limekauka? Majibu ndiyo humwonyesha aina ya kikohozi.

Makohozi yakiwa meupe na mepesi, nawe wahisi baridi, hicho kwa Wachina ni kikohozi cha baridi. Chemsha vipande vya tangawizi na ganda la chenza lililooshwa na kukaushwa kwa dakika 10, unywe kingali moto. Jiepushe na vinywaji baridi na vyakula vya mafuta mengi.

Kikohozi kikiwa kikavu, Wachina husema mapafu yanahitaji unyevu. Wao hupika tunda la peasi kwa mvuke, wakalila pamoja na asali. Utafiti wa kisasa pia umeonyesha kuwa asali huwapunguzia watoto kikohozi. Hata hivyo, usimpe kamwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani yaweza kumletea sumu hatari.

Si kila mti-shamba ni salama. Mmea uitwao ma huang ndio uliotoa efedrini, dawa iliyotenganishwa mwaka 1885 na Mjapani Nagai Nagayoshi na baadaye ikatumiwa kutibu pumu. Mmea huo huupiga moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu. Urukususu, mzizi mtamu unaotiwa katika dawa nyingi za Kichina, nao hupandisha shinikizo ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu.

Ikiwa unatibiwa shinikizo la damu, kumbuka kwamba baadhi ya tembe zake, kama vile enalapril, huweza kuleta kikohozi kikavu. Usiziache, mwambie daktari akubadilishie.

Jambo kubwa zaidi ni hili: kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu. Tangawizi hulainisha koo lakini haiui viini vya ugonjwa huo. Wakati unajituliza kwa chai, huenda unawaambukiza watoto unaolala nao chumba kimoja. Katika hospitali za serikali makohozi hupimwa na dawa hutolewa bila malipo, na tiba ya kawaida huchukua miezi sita.

Usingoje hata wiki hizo mbili ukiona damu katika makohozi, ukipumua kwa shida, ukitokwa na jasho jingi usiku au ukikonda bila sababu. Aidha, mweleze daktari ikiwa kazi yako ni ya kuchonga mawe au mahali penye vumbi jingi.

Ukishapimwa na kuambiwa huna ugonjwa wa hatari, basi tangawizi yako na asali zina nafasi yake. Lakini kipimo kitangulie, chai ifuate.