Mgeni Mkubwa Akija Chuoni, Wewe Unalala Wapi?

Wadogo zangu, ujumbe wa mapenzi umejaa kama kawaida, na wiki hii utasubiri. Kuna binti wa mwaka wa pili ameniandikia jambo ambalo wengi wenu mtakutana nalo kabla hamjavaa joho:

"Dada, shikamoo. Chuo chetu kitapokea wageni wa mashindano ya michezo. Tumetangaziwa kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba sisi wa mabweni mawili tuhame kwa siku sita, vyumba vipakwe rangi na wageni walale. Kwetu ni Songea. Nauli ya kwenda na kurudi sina, bumu la mkopo limeisha, na Jumatatu inayofuata tuna test. CR wetu, mwakilishi wa darasa, anasema tuvumilie kwa heshima ya chuo. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Heshima ya chuo ni kitu kizuri, lakini haina godoro.

Usidhani mmeonewa ninyi tu. Chuo kikuu ni kati ya mahali pachache penye vitanda vingi, kumbi, viwanja, majiko makubwa na uzio, vyote kwa pamoja, kwa hiyo kila mwenye shughuli kubwa hukikodolea macho. Nairobi ilipoandaa mashindano ya dunia ya riadha ya vijana wa chini ya miaka 18, Julai 2017, kijiji cha wanamichezo kiliwekwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule barabara ya Thika. Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ilitumia mabweni ya Georgia Tech, na ile ya Los Angeles ya 2028 imepangiwa UCLA. Jambo hili limezoeleka duniani kote, na wanaolipanga vizuri wanajua kwamba mwanafunzi hahamishwi kwa ujumbe wa WhatsApp uliotumwa saa nne usiku.

Sasa nikwambie kasoro ya matangazo yetu. Tangazo la shughuli litakueleza nani anakuja, anafika saa ngapi, mgeni rasmi ni nani, na kwamba "wote mnakaribishwa". Halikuelezi wewe unakwenda wapi. Halisemi geti gani litafungwa, maktaba itafunguliwa au la, kipindi cha saa mbili asubuhi kinahamia chumba gani, kafeteria itapika kwa ajili ya nani. Hayo huyasomi popote; inabidi uyaulize. Na uyaulize kwa maandishi, kwa sababu jibu la mdomo hubadilika msimamizi anapobadilisha zamu.

Kwa hiyo wewe na wenzako wa bweni lenu andikeni barua moja, ukurasa mmoja, majina na saini chini, mpeleke kwa mlezi wa wanafunzi na nakala serikali ya wanafunzi. Msilalamike humo ndani. Ulizeni: tuliolipia malazi ya muhula mzima, siku hizi sita tunalazwa wapi? Asiye na nauli anafanyaje? Vitu vyetu vinabaki chumbani au vinahifadhiwa stoo, na nani anasaini kuvipokea? Test ya Jumatatu inasogezwa au haisogezwi? Ofisi ikipokea barua, mwombeni aliyeipokea agonge muhuri kwenye nakala yenu. Mtashangaa jinsi muhuri mmoja unavyowaamsha watu. Mara nyingi bweni jingine lina vitanda vitupu, ila hakuna aliyekuwa ametumwa kuvihesabu.

Ukishajua unakohamia, rudi chumbani ukavipige picha vitu vyako vyote: godoro, ndoo, pasi, hata lile sufuria ambalo rasmi halipo. Kompyuta, vyeti na kitambulisho usiviache, hata ukiambiwa mlango utapigwa kufuli mbili. Wapaka rangi ni watu wema, lakini ni wengi, na funguo huzunguka.

Nina neno kwa wale wa kubebana, nanyi mnajijua. Jina lako halipo kwenye orodha ya bweni, unalala kitanda kimoja na rafiki yako, basi siku ya kuhamishwa wewe hutafutiwi kitanda kwa kuwa kwenye karatasi hukuwahi kuwepo. Usingoje siku ile. Nenda kwa mlezi mapema ukamwambie hali yako ilivyo. Wengi wao wana watoto wa umri wako na wanajua fika nani anambeba nani. Wanachochukia ni kushtukizwa.

Na hili nalisema taratibu, hasa kwa mabinti. Bweni likifungwa, kuna kaka atakwambia, "Si uje tu geto?" Huenda ana nia njema. Lakini kulala kwa mtu kwa sababu huna pengine pa kulala si sawa na kulala kwake kwa sababu umeamua. Ukiwa huna pa kwenda, neno "hapana" linakuwa zito mdomoni. Tafuta rafiki wa kike wa mtaani, shangazi wa mbali, mama wa kanisani au jirani wa msikitini, hata kama nyumba yao ina kelele na kitanda ni mkeka. Kelele utazizoea kwa siku sita.

Tuje kwenye masomo, maana hapa ndipo watu wanapokula sapu, yaani mtihani wa marudio, bila kosa. Shughuli kubwa huchukua ukumbi mkubwa, na ukumbi mkubwa ndio huohuo wa mitihani. Msomaji mmoja alinieleza walivyorudishiwa ukumbi wao asubuhi ya mtihani baada ya kongamano: viti vya kuandikia vilikuwa vimetolewa ili viingie viti vya plastiki vyenye vitambaa vyeupe na utepe mgongoni. Vitambaa vilikuwa vimeondoka na wenye mapambo, viti vya plastiki vimebaki. Wakafanya mtihani wa hesabu karatasi ikiwa juu ya paja, aliyewahi akapata ubao wa kuchorea, aliyechelewa akatumia begi. Msimamizi naye alikuwa anahangaika kama wao. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kwamba mtu wa ratiba ya mitihani hakuwahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja cha maandalizi.

Kwa hiyo, CR wa darasa lolote, ukisikia tu kuna ugeni, kazi yako ya kwanza ni kwenda kumwona mwalimu wa kila somo na kumuuliza kipindi kiko wapi na test iko palepale au la. Usimtumie salamu za jumla kwenye kikundi. Nenda. Kisha waandikie wenzako jibu la kila somo, na tarehe uliyolipata. Yule CR anayesema tuvumilie, mwambie kuvumilia ni kazi ya darasa, yake ni kuuliza.

Njia nayo ina mambo yake. Chukulia Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepakana na Chuo Kikuu Ardhi, na watu wa vyuo vyote viwili, pamoja na wakazi wa Changanyikeni, wanatumia barabara zilezile za kutokea Mwenge, Ubungo na Survey. Msafara wa kiongozi ukipita, anayesimamishwa ni mwenye shughuli na asiye na shughuli. Daladala inazima injini, konda anateremka kununua maji, na wewe una mtihani saa tatu. Bodaboda haikusaidii hapo, maana askari haangalii una magurudumu mangapi. Siku ya namna hiyo lala karibu, au toka nyumbani kabla jua halijachomoza. Ukikwama, mpigie mwalimu au CR papo hapo ukiwa bado kwenye foleni. Maelezo yaliyotolewa saa tatu yanapokelewa tofauti na yale yaliyotolewa saa saba.

Na begi lako lipunguze. Kwenye mashine ya ukaguzi, bikari yako ya michoro ni chuma chenye ncha, mkasi ni mkasi, na chupa ya kemikali za maabara hata usiifikirie. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza kukaa nusu saa getini akimweleza afisa usalama kazi ya bikari, na nyuma yake watu mia wanamlaani.

Mkitaka kuona ukubwa wa mambo haya, kumbukeni Novemba 26, 2015, Papa Francis alipoadhimisha misa kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku ilitangazwa kuwa ya mapumziko Kenya nzima, barabara za jirani zikafungwa, watu wakafika tangu usiku, na mvua ikanyesha mpaka viwanja vikawa tope. Ilikuwa siku ya baraka kwa waliokuwepo, sikatai. Ila anayelala bweni la karibu ajue kwamba mapumziko ya kitaifa hayakupi njia ya kwenda kununua mkate. Siku kama hiyo chakula kinanunuliwa juzi yake, simu inachajiwa usiku, na dawa unazotumia kila siku zinakuwa mkononi. Mwenye pumu, mjamzito, anayetumia kiti cha magurudumu: ulizeni mapema kama zahanati ya chuo itafunguliwa na gari la wagonjwa litatokea geti gani.

Kuna shughuli moja inayowapata wote, tena kila mwaka, nayo ni mahafali. Wakubwa wenzangu mtaikumbuka noti ya 500 iliyokuwa na Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani mgongoni. Siku hizi wahitimu wamezidi ukumbi ule, na ndugu wamezidi wahitimu. Ukoo unakodi Coaster kutoka Mbeya, umeshona sare, umebeba maua ya plastiki na bibi wa miaka themanini. Usimwambie mama, "Ukifika utanipigia." Watu elfu kadhaa wakipiga simu mahali pamoja, mtandao unalala. Mpangie mti, duka au kona kabla hajatoka nyumbani, na mtume mdogo wako akasimame hapo. Uliza unapewa kadi ngapi za kuingilia, kisha uwe na ujasiri wa kuwaambia mashangazi ukweli wiki mbili kabla. Watanuna, lakini watanuna wakiwa nyumbani. Bibi mtafutie kivuli na choo cha karibu. Mengine yote ni picha.

Wanaonisikitisha ni mama ntilie na vijana wa stesheneri. Mgeni mkubwa akija, vibanda vya getini huondolewa "kwa usafi", na hakuna anayewaandikia tangazo hata la WhatsApp. Siku tatu bila kuuza chapati ni ada ya mtoto wa mtu. Mkisikia habari kabla yao, waambieni.

Mwisho kuna ile kazi ya kupokea wageni. Ni kazi nzuri na nawashauri mwombe, kwa kuwa utajifunza itifaki na utakutana na watu. Lakini uliza malipo ni kiasi gani, yanatolewa lini na nani, na usiku shughuli ikiisha mnarudishwa na gari gani. Ukiambiwa baada ya hapo kuna chakula cha jioni hotelini na mgeni fulani "amewaomba wasichana wawili watatu wa kumchangamsha", kazi yako imekwishia hapo ukumbini. Vua kitambulisho cha shingoni, panda gari la wenzako, lala.

Wapo watakaoniambia, Dada, chuo hakiwezi kukataa ugeni. Kinaweza. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, kilikuwa kimepangiwa kuandaa mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa Marekani mwezi Septemba. Julai kikajitoa, kikitaja gharama na ulinzi, na mdahalo ukahamia Chuo Kikuu cha Hofstra, New York. Jengo halikuanguka, chuo hakikufungwa. Sisemi vyetu vikatae. Wageni huleta rangi mpya, taa za barabarani na wakati mwingine uwanja mzima. Nasema vihesabu kwanza, na mwanafunzi awemo kwenye hesabu.

Hapo ndipo ninyi viongozi wa serikali za wanafunzi mnaponikera kidogo. Ombeni kiti kwenye kamati ya maandalizi tangu kikao cha kwanza, mwende na mtu wa ratiba na mtu wa malazi, na muulize wenzenu watalala wapi kabla haijaulizwa zulia litakuwa rangi gani. Mkiitwa kikao cha mwisho kupewa fulana na kofia, mjue mmeshachelewa.