Kupima Rai na Kupima Kazi



Kila msimu twaulizana: je, wachumaji wetu wauhurumia mkarafuu, au watazama ujira tu? Swali hili hujibiwa kwa kukisia. Yafaa lijibiwe kwa kipimo, na vipimo ni viwili.

Cha kwanza ni cha rai. Mwaka 1932 Rensis Likert wa Marekani alieleza njia nyepesi. Mtu husomewa sentensi, naye huchagua jibu moja: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Majibu hupewa alama, tangu 5 mpaka 1, kisha hujumlishwa. Njia ya namna hiyo ndiyo waliyoitumia Riley Dunlap na Kent Van Liere mwaka 1978 kupima rai za watu juu ya mazingira. Kipimo chao kilipotengenezwa upya mwaka 2000, kilikuwa na sentensi 15: nane za kuunga mkono hifadhi, na saba za kinyume, ambazo alama zake hugeuzwa. Hivyo anayeitikia kila neno hujulikana.

Lakini muungwana ni kitendo. Mwaka 1934 Richard LaPiere alitoa khabari ya safari zake Marekani pamoja na mume na mke Wachina. Katika hoteli na mikahawa 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye alipouliza kwa barua, zaidi ya tisa katika kila kumi waliojibu walisema hawapokei Wachina. Neno na tendo vilipishana.

Basi shambani tupime vyote viwili. Kabla ya kuchuma, tuchague mikarafuu kumi na tuhesabu matawi yaliyovunjika. Baada ya kuchuma tuhesabu tena. Karatasi za rai zisiandikwe majina, wala jibu la mtu lisimpunguzie ujira. Akiogopa, mwakani atatujibu tunayopenda kuyasikia.

Tena tujitazame wenyewe. Mchumaji alipwaye kwa uzito wa karafuu hupata zaidi akifanya haraka, na haraka huvunja matawi. Ikiwa rai yake ni njema na matawi yamevunjika, tuulize kwanza: tumempa kamba na ngazi imara? Tumemlipa cho chote kwa mti aliouacha mzima? Tawi lililovunjika leo ni karafuu za misimu ijayo, na khasara ile ni yetu sote.