Somo la Toleo Hili: Wiki ya Mzazi wa Nyumbani Ina Saa Ngapi za Kazi?

Ukiuliza mama anayeshinda nyumbani na watoto anafanya kazi gani, jibu la kawaida ni, "Hafanyi kazi, yuko tu nyumbani." Mara nyingi mama mwenyewe ndiye hujibu hivyo, iwe ni mbele ya karani wa sensa, afisa wa mkopo au mwalimu anayejaza fomu ya mtoto. Jibu hilo si la kweli, na lina hasara. Kazi isiyohesabiwa haigawanywi nyumbani, haitajwi bajeti inapopangwa, na siku mali ya familia inapogombaniwa huwa vigumu kuithibitisha.

Somo hili linaonyesha jinsi ya kuhesabu kazi ya wiki moja, na hesabu hiyo inavyoweza kumsaidia mzazi, familia yake na wadi yake. Mzazi wa nyumbani si lazima awe mama. Wapo akina baba waliobaki na watoto baada ya kufiwa au kupoteza ajira, na wapo bibi na babu wanaolea wajukuu. Hesabu ni ile ile.

Nyumba ya mfano

Tuchukue nyumba moja ya mfano katika Kaunti ya Kilifi. Ina mama, baba anayefanya vibarua vya ujenzi, watoto watatu na mama mkwe mwenye shinikizo la damu. Mtoto mkubwa ana miaka 10 na yuko Gredi 4, wa pili yuko PP2, na mdogo ana miezi 9. Maji huteka kwenye kioski, na jiko lao ni la kuni.

Kwanza zihesabiwe kazi zinazorudi kila siku, kuanzia saa 10 na nusu alfajiri mama anapowasha moto:

- Kuteka maji, mitungi 5 ya lita 20, pamoja na foleni: saa 1 na nusu
- Kupika chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni: saa 3
- Kufagia nyumba na uwanja, na kuosha vyombo: saa 1
- Kuogesha, kuvisha, kulisha na kunyonyesha, na kuangalia kazi ya shule: saa 2
- Kumhudumia mama mkwe, kumpa chakula chake kisicho na chumvi nyingi na kumkumbusha dawa: nusu saa

Jumla ni saa 8 kwa siku, na kwa siku 7 ni saa 56. Maji peke yake ni lita 700 kwa wiki. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mama huyu hubeba kilo 700 kila wiki, kilo 20 kwa kila safari.

Kisha zinakuja kazi zenye siku zake:

- Jumatatu: kufua na kuanika nguo za watu sita na nepi za mtoto: saa 3
- Jumanne: kliniki ya mtoto, kwenda, foleni na kurudi: saa 4
- Jumatano: kutafuta kuni na kuzibeba: saa 3
- Alhamisi: kupalilia mahindi na kunde: saa 3
- Ijumaa: sokoni kununua mboga, nazi na unga: saa 2
- Jumamosi: kufua sare za shule, kusuka nywele, usafi wa choo na nyumba nzima: saa 4
- Jumapili: kupikia wageni, au kusaidia jikoni kwenye msiba wa jirani: saa 2

Hizi ni saa 21. Zikijumlishwa na zile 56, wiki ya mama huyu ina saa 77 za kazi.

Saa 77 ni nyingi kiasi gani?

Kanuni za jumla za mishahara nchini Kenya huweka wiki ya kawaida ya mfanyakazi kuwa saa 52, zilizogawanywa kwa siku sita. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Mama wa mfano wetu amezidisha saa 25, na hana siku hata moja ya mapumziko. Hata Jumapili ana saa 10.

Si kila nyumba itafika saa 77. Utafiti wa matumizi ya wakati uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) mwaka wa 2021 ulionyesha kuwa wanawake nchini hutumia wastani wa saa 4 na nusu kwa siku kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na wanaume karibu saa 1. Wastani huo umechanganya wanawake wote, wakiwemo wanafunzi, walioajiriwa na wasio na watoto wadogo. Nyumba yenye mtoto anayenyonya, mgonjwa na maji ya mbali hupita wastani huo kwa mbali. Katika sehemu kavu za Ganze na Magarini, safari ya maji wakati wa kiangazi inaweza kumeza nusu siku.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu hii inafichua. Katika orodha nzima hakuna mstari hata mmoja wa mama mwenyewe. Jumanne anampeleka mtoto wa miezi 9 kudungwa chanjo ya surua na rubela, ambayo itarudiwa akifika miezi 18. Anauliza kuhusu matone ya vitamini A, ambayo mtoto hupewa kila baada ya miezi sita kuanzia miezi 6 hadi afike miaka mitano. Anakumbuka pia dawa za mama mkwe. Lakini yeye presha yake haijapimwa tangu ajifungue. Mzazi anayetegemewa na watu watano akilala kitandani, nyumba nzima inalala naye. Ikiwa foleni ya kliniki tayari imekwisha kuchukua asubuhi yote, apimwe na yeye siku hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: kugawa kazi nyumbani

Kidole kimoja hakivunji chawa. Familia ikishaziona saa kwenye karatasi, mazungumzo hubadilika. Haibaki tena ugomvi wa nani amechoka zaidi, bali nani atachukua nini na siku gani.

Katika nyumba ya mfano, baba akiteka maji siku tatu kwa wiki, mama anapunguziwa saa 4 na nusu. Akienda kuni kwa baiskeli siku ambayo hana kibarua, ni saa 3 nyingine. Akifua sare Jumamosi, ni saa 2, na akipika mlo mmoja wa Jumapili, ni saa 1. Jumla ni saa 10 na nusu. Wiki ya mama inashuka kutoka saa 77 hadi saa 66 na nusu.

Mambo mawili yaangaliwe hapa. Kwanza, mzigo usihamishwe kutoka kwa mama hadi kwa msichana. Mtoto wa Gredi 4 anaweza kuosha vyombo vya jioni au kumwangalia mdogo wake kwa muda mfupi, na kazi hizo ni za mvulana sawa na msichana. Lakini mtoto anayekosa shule ili ateke maji au alee amelipishwa deni lisilo lake. Pili, baba anayefanya kazi hizi asichekwe. Mwanamume anayebeba mtungi anajenga nyumba yake kama anavyojenga za wengine kwenye kibarua.

Hatua ya pili: kupeleka hesabu kwenye kikao cha wadi

Hata baada ya kugawana, saa 66 na nusu bado zimezidi 52. Sehemu iliyobaki haiwezi kumalizwa na familia peke yake, kwa sababu chanzo chake kiko nje ya mlango: kioski kiko mbali, foleni ya zahanati ni ndefu, na hakuna mahali salama pa kumwacha mtoto mdogo.

Mambo hayo yako chini ya serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti jukumu la huduma za afya za kaunti, maji na usafi, masoko, barabara za kaunti, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Bomba likisogezwa na safari ya maji ikashuka kutoka saa 1 na nusu hadi nusu saa, nyumba moja inaokoa saa 7 kwa wiki. Nyumba 100 zinaokoa saa 700.

Wakazi wana nafasi ya kuyasema haya kabla pesa hazijagawanywa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, taarifa ya mikakati ya kifedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Umma hushirikishwa katika hatua hizo. Mara nyingi mzazi wa nyumbani ndiye anayekosa kikao, kwa kuwa saa ya kikao ndiyo saa ya kupika na kunyonyesha. Akina mama wa chama kimoja wanaweza kujumlisha saa zao na kumtuma mmoja wao na karatasi. Kusema "maji yako mbali" ni malalamiko. Kusema "nyumba 30 za kijiji hiki hutumia saa 315 kwa wiki kuteka maji" ni hoja ambayo afisa wa mipango anaweza kuiandika.

Hatua ya tatu: kuhifadhi kumbukumbu

Kazi ya nyumbani ina uzito mbele ya sheria. Ibara ya 45 ya Katiba inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na ndoa inapovunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mchango wa mwanandoa si pesa tu. Inataja kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, malezi ya watoto, kuwa mwenza, usimamizi wa biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Kwa hiyo mama aliyelea watoto na kupalilia shamba wakati baba akinunua mabati, naye ameijenga nyumba hiyo.

Hata hivyo, haki hiyo haiji yenyewe. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kuwa usawa wa Ibara ya 45 haumaanishi kila mmoja anapata nusu moja kwa moja. Kila upande unapaswa kuonyesha mchango wake, na mahakama hugawa kulingana na mchango huo. Katika kesi hiyo yenyewe, wawili hao waligawanyiwa sawa kwa sababu michango ya pande zote mbili ilionekana.

Kumbukumbu za kawaida husaidia: kijitabu cha kliniki, risiti za shule, ujumbe wa simu wa malipo ya fundi au mbegu, daftari la matumizi, na majirani wanaojua nani alifanya nini. Cheti cha ndoa pia ni muhimu, na ndoa za kimila nazo husajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Sheria ya Mali ya Ndoa pia inaruhusu Waislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo ya mali ya ndoa.

Kuweka kumbukumbu si kujiandaa kuachana. Hutumika pia mmoja anapofariki, anapougua, au jamaa wanapokuja kudai shamba.

Zoezi la wiki hii

1. Chukua daftari na uchore safu tatu: kazi, nani ameifanya, na muda uliotumika.
2. Jaza kila jioni kwa siku saba, kuanzia Jumatatu. Kazi mbili zikifanywa pamoja, kama kupika huku mtoto yuko mgongoni, andika muda mara moja na utaje zote mbili.
3. Jumapili jumlisheni pamoja, mkiwa familia nzima.
4. Chagueni kazi mbili zitakazobadilisha mikono wiki inayofuata.
5. Andikeni huduma moja ambayo ikisogezwa karibu ingeokoa saa nyingi zaidi, na muipeleke kwenye kikao cha wadi.
6. Ongezeni mstari mmoja wenye jina la mzazi anayefanya kazi nyingi zaidi: mapumziko yake, na siku atakayopimwa afya.

Maswali ya kujadili kwenye chama au baraza

- Ni kazi gani nyumbani haifanywi na mtu mwingine hata mzazi huyo akiugua?
- Watoto wa kike na wa kiume katika kijiji chetu wanapewa kazi kwa usawa?
- Karani akiuliza tena mama anafanya kazi gani, ajibiwe nini?